Maneno ya Mlangoni

Mwenyekiti, ndugu wenye nyumba wenzangu, na ninyi wapangaji wachache mliojipenyeza humu ndani (nawaona, karibuni sana, sogeeni mbele),

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Dada, njoo uwaambie watu waandikishane na wapangaji wao." Nikamjibu kwamba hilo halihitaji hotuba. Mali bila daftari hupotea bila habari, tumekaririshwa tangu tukiwa watoto, na wengi mlioko humu mikataba mnayo. Imechapwa, imesainiwa, imelala kwenye faili. Na bado kila mwezi mnagombana na wapangaji wenu. Kwa hiyo karatasi si dawa ya kila kitu, au basi dawa ipo ila tunaipaka pasipouma.

Mimi nataka kuzungumzia yale maneno tunayoyasema dakika kumi kabla ya kusaini, au wiki mbili baada ya kusaini, tumesimama mlangoni na funguo mkononi. Nimeyapa jina, nayaita maneno ya mlangoni. Mkataba wangu haujawahi kunitia hasara hata siku moja. Maneno ya mlangoni yamenitia hasara mara nyingi, na leo nitawaambia mbili tatu bila aibu.

Mnajua inavyokuwa. Mtu anakuja kuona nyumba. Anazunguka taratibu. Anafungua koki ya jikoni, maji yanatoka kwa kusuasua. Anapitisha kidole ukutani, chokaa inabaki kwenye kidole. Anafika dirishani chumbani, anaona kioo kimepasuka kona ya chini. Hasemi kwa ukali, maana nyumba anaitaka. Anauliza kama anayejisemea mwenyewe: "Na hiki kioo?" Wewe nawe mpangaji unamtaka, nyumba ina mwezi wa pili haina mtu. Unamjibu haraka haraka: "Aa, hicho usijali."

Sasa tulipime hilo "usijali". Ulimaanisha nini? Ulimaanisha kioo ni kitu kidogo, tusipoteze muda hapa, twende tukaone choo. Yeye amesikia nini? Amesikia kwamba siku atakayoingia atakuta kioo kipya. Hakuna aliyedanganya. Mimi ningeapa mahakamani kwamba sikuahidi kioo, na yeye angeapa kwamba niliahidi, na sote wawili tungekuwa watu wa kweli.

Kiswahili chetu kina utajiri wa maneno ya kulainisha mambo. Haina shida. Tutaona. Siku mbili tatu. Usiwe na wasiwasi. Ni maneno mazuri, yanafanya watu waishi pamoja bila kupigana, wala siwaambii myaache. Ila hayana kipimo. "Mwisho wa mwezi" ni tarehe ngapi? Kwangu mimi ni tarehe thelathini. Kwa mtu anayelipwa mshahara tarehe tano, mwisho wa mwezi ni pale mshahara unapoingia. "Nitakaa na familia yangu" ni watu wangapi? "Mgeni" anakuwa mgeni mpaka lini? Nilishapata mgeni wa mpangaji aliyekaa miezi minane, akabandika na jina lake mlangoni.

Na lililo ghali kuliko yote ni "tutaelewana". Ukisikia mwenye nyumba na mpangaji wanaambiana tutaelewana, ujue kuna jambo hawajaelewana, wote wawili wanalijua, na wote wawili wameogopa kulitaja.

Niwape kisa changu. Nilikuwa na mpangaji katika ile nyumba yangu kubwa, mtu mstaarabu, kodi tarehe moja iko mkononi. Mkewe tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi, mtoto wao akiniita shangazi. Mwaka fulani maji yakawa ya kukatika katika. Akanifuata nikiwa natoka, nimeshika mkoba, nimechelewa. Akasema, "Shangazi, naomba niweke tangi juu ya paa, halafu tutakata kwenye kodi." Nikamwambia, "Weka tu baba, tutakata." Nikaondoka zangu. Mkataba tulikuwa nao, kurasa nne. Kuhusu tangi haukuwa na hata neno.

Kichwani mwangu niliona tangi moja la plastiki, kodi ya miezi miwili imetosha. Kichwani mwake yeye lilikuwa tangi, na kizimba cha kulikalisha, na mabomba, na pampu (pampu sikuisikia kabisa!), na ujira wa fundi, na rangi ya ukuta fundi alipouchafua. Mwezi wa kwanza hakulipa, nikasema sawa. Wa pili hakulipa, sawa. Wa tatu nikamgongea. Akatoka na bahasha ya risiti, nyingine za fundi zimeandikwa kwa mkono bila jina la duka. Hesabu yake ilikuwa miezi mitano.

Tulikwenda kwa mzee mmoja ambaye sote tulimheshimu. Mzee hakuuliza nani mkweli. Aliuliza maswali matatu tu. Mlikubaliana kukata kiasi gani? Tukanyamaza. Kwa miezi mingapi? Tukanyamaza. Na akihama, tangi ni la nani? Hapo tukaanza kusema wote kwa pamoja, na ndipo mzee akavua miwani.

Tuligawana hasara, miezi mitatu na nusu. Baada ya miezi michache wakahama. Yule mtoto siku ya kuhama alikuja kuniaga, mama yake akamwita arudi kwenye gari. Kodi ya mwezi mmoja na nusu nilishaisahau, lakini sauti ya yule mama akimwita mtoto bado ninaisikia.

Sasa hapa watu huniambia: kwani si ahadi ya mdomo haina nguvu? Ungemwambia tu alete maandishi. Ndugu zangu, hilo ni kosa kubwa, na wenye nyumba wengi wamelala juu yake kama juu ya godoro. Mahali pengi duniani upangishaji wa mdomo ni upangishaji halali. Uingereza walitunga sheria mwaka 1677 iliyotaka mambo mengi yawekwe kwenye maandishi ili kuzuia ushahidi wa uongo, na hata wao waliuacha upangishaji wa muda usiozidi miaka mitatu ufanyike kwa mdomo. Sheria yao ya mali ya mwaka 1925 imeendeleza jambo hilo hilo. Kwa hiyo ukimpa mtu funguo, akaingia, akalipa, ukapokea, umeshapangisha. Kusema "lakini hatujaandikishana" hakumfanyi kuwa mvamizi.

Ujerumani ni darasa zuri zaidi. Sheria yao ya kiraia imekaa hivi: ukipangisha nyumba kwa muda unaozidi mwaka mmoja bila maandishi, mkataba haufi. Kinachokufa ni muda mliopatana. Ulisema miaka mitatu kwa mdomo? Hesabu kwamba hukutaja muda wowote, ni mkataba usio na mwisho maalumu. Yaani lile neno lako linakufunga kwenye kupangisha, halafu halikusaidii kwenye ile miaka mitatu uliyoitaka. Hivyo ndivyo maneno ya mlangoni yalivyo kwa kawaida: yana nguvu pale usipoitaka, na yanakosa nguvu pale unapoihitaji.

India nao wana kituko chao. Sheria ya usajili ya mwaka 1908 inataka upangishaji unaozidi mwaka mmoja usajiliwe, na usajili una gharama na usumbufu wake. Matokeo yake nchi nzima imejaa mikataba ya miezi 11. Watu wanaandika miezi 11, wanakaa miaka kumi, wakihuisha na kuhuisha. Nawatajia hayo ili mwone kwamba kila nchi ina mpaka wake, na kazi yako ni kuujua wa kwako kabla hujafungua mdomo. Muulize mwanasheria swali moja tu: hapa kwetu, ahadi ya mdomo inafika wapi na inaishia wapi? Jibu halichukui dakika kumi.

Na ninyi wapangaji mliokaa mbele msifurahi sana, maana kuna upande wa pili. Mkishasaini karatasi, mahakama nyingi hazipendi kusikia maneno ya pembeni yanayopinga kilichoandikwa. Ukiwa na mkataba unaosema mpangaji atafanya ukarabati wote mdogo, halafu ukaja na hadithi kwamba mama mwenye nyumba alisema usijali kuhusu kioo, hakimu atatazama karatasi. Wapo wenye nyumba wanaolijua hilo vizuri mno. Mlangoni wanaahidi mbingu, halafu kwenye karatasi kuna kile kifungu cha mwisho, kwa herufi ndogo, kwamba hakuna ahadi nyingine yoyote nje ya mkataba huu. Mimi sikipingi hicho kifungu, ni kifungu kizuri kikitumiwa na mtu mwaminifu. Lakini ukiahidi kwa mdomo huku unajua karatasi itakukana, huo ni wizi wa kistaarabu. Sitatafuta neno laini zaidi ya hilo.

Dalali naye nisimsahau. Dalali akimwambia mtu maji na umeme vimo ndani ya kodi, halafu wewe huna habari, usidhani umesalimika. Ulimtuma, alisema kwa niaba yako. Mkute mpangaji ana kwa ana umuulize: umeambiwa nini? Utashangaa.

Nirudi kwenye kodi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo maneno huwa matamu na baadaye yakawa machungu. Mwaka 2020, ugonjwa ulipofunga kazi za watu, wengi wetu tuliwahurumia wapangaji. Nami nilifanya hivyo. Mmoja nilimwambia, "Lipa nusu kwanza." Mwingine, "Lipa nusu." Mnasikia tofauti? Ni neno moja tu, kwanza. Wa kwanza nusu nyingine nilikuwa nimeiahirisha, wa pili nilikuwa nimemsamehe. Ndivyo nilivyodhani mimi. Mambo yalipotulia nikamfuata yule wa kwanza nikamdai zile nusu, akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa: "Mama, si uliniambia nilipe nusu?" Lile neno langu la "kwanza" halikuwahi kufika. Labda nililimeza. Labda lilikuwa kichwani mwangu tu. Je, nilisamehe au niliahirisha? Mpaka leo siwezi kuapa.

Kuna kesi moja ya Uingereza ambayo wanafunzi wa sheria huisoma mwaka wa kwanza, na mimi nadhani ingesomwa na kila mwenye nyumba. Mwaka 1937 kampuni moja ilikodisha jengo la fleti huko London kwa kampuni nyingine kwa miaka 99, kodi pauni 2,500 kwa mwaka. Vita vikaja, watu wakakimbia kwa kuogopa mabomu, fleti zikabaki tupu. Januari 1940 mwenye jengo akakubali, kwa barua, kodi ishuke hadi pauni 1,250. Nusu. Mwaka 1945 vita vikaisha na fleti zikajaa, na mwenye jengo akaikumbuka kodi yake kamili. Kesi ikaamuliwa na jaji Denning, aliyekuja kuwa maarufu sana baadaye. Akasema kodi kamili inadaiwa kuanzia pale jengo lilipojaa, kwa sababu punguzo lilikuwa la shida za vita na shida zimekwisha. Lakini akaongeza kwamba hata kama mwenye jengo angedai ile miaka ya nyuma asingeipata, kwa kuwa aliahidi na mwenzake akaitegemea ahadi hiyo.

Angalieni pale pazuri: barua ilikuwepo! Hawakuzungumza mlangoni hawa, waliandikiana. Kilichokosekana ni mstari mmoja tu, mpaka lini. Jaji ndiye aliyewaandikia huo mstari, baada ya miaka zaidi ya sita, kwa gharama za mawakili. Kwa hiyo nikisema andika, sisemi jaza kurasa. Ukitoa huruma, iandike na mwisho wake. "Kodi ya mwezi wa nne hadi wa sita ni nusu. Nusu iliyobaki nimesamehe." Au: "Nusu iliyobaki italipwa mwezi wa kumi." Huruma yenye tarehe haipungui utamu.

Naona kaka pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, nimeambiwa mara mia: kuandikishana ni kutoaminiana, na huyu mtu ni wa kwetu, ni mtoto wa rafiki, ni ndugu. Nikujibu kwa vitabu, maana humu sote tuna kitabu kimoja au kingine nyumbani.

Walio Waislamu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani haihusu vita wala pepo, inahusu kuandika deni. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara. Inasema andikeni, msichoke kuandika liwe dogo au kubwa pamoja na muda wake, na anayetamka maneno ya kuandikwa awe ni yule mwenye kudaiwa. Jamani, hapo nimesimama nikafikiri sana. Anayetamka ni yule anayefungwa na ahadi! Kama mimi ndiye ninayeahidi kioo, mimi ndiye niseme kioo kipi na lini, kwa maneno yangu, na hapo sitaweza kesho kusema sikuelewa. Na aya hiyo hiyo inaruhusu kutoandika biashara ya papo kwa papo, ya mkono kwa mkono. Basi niambieni, upangishaji ni biashara ya mkono kwa mkono? Ni biashara ya miezi na miaka. Haiwezi kuingia kwenye ruhusa hiyo.

Walio Wakristo wafungue Yeremia sura ya 32. Nabii ananunua shamba. Kwa nani? Kwa Hanameli, mtoto wa ami yake. Ndugu wa damu, na mnunuzi ni nabii wa Mungu, kama kuna watu wa kuaminiana ni hawa. Anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi, hati ni mbili, moja imefungwa na nyingine iko wazi, na zote anaagiza ziwekwe ndani ya chombo cha udongo zikae siku nyingi. Hakuna mahali ndugu yake aliponuna.

Na zamani za Babeli walikuwa wakiandika upangishaji kwenye vibao vya udongo. Tunavyo mpaka leo, viko kwenye makumbusho. Katika mikataba yao ya nyumba ya zaidi ya miaka 2,500 iliyopita utakuta kodi ya mwaka, nusu mwanzoni na nusu katikati ya mwaka, na utakuta mstari unaosema mpangaji atasiliba paa na kurekebisha chini ya ukuta panapoliwa na unyevu. Paa na unyevu! Miaka 2,500, na mimi nilishindwa kuandika tangi.

Sababu ya kuandika ni kwamba watu husahau. Na zaidi ya kusahau, hufa. Hili nalisema kwa uzito kidogo.

Baba yangu alipofariki aliniachia vyumba sita vyenye watu. Karatasi hakuna. Alikuwa na daftari la shule, amechora mistari kwa rula, jina la chumba, mwezi, kiasi, na alama ya tiki. Wapangaji wakaanza kunijia mmoja mmoja baada ya msiba. Mmoja akasema marehemu mzee alishapokea kodi ya mwaka mzima. Kwenye daftari tiki ni za miezi minne. Sikumwamini. Wa chumba cha tatu, mama mmoja mtulivu, akasema, "Mzee aliniambia kodi yangu haitapanda mpaka binti amalize shule." Huyo nilimwamini usoni, lakini nikajiuliza, nikimkubalia huyu, wale watano nitawaambia nini? Ahadi ya mtu aliyekufa, shahidi ni yule yule anayefaidika nayo. Nikapandisha kodi kwa wote sawa. Yule mama hakubishana. Alilipa.

Kama mwaka umepita, nilikuwa nalipekua lile daftari natafuta tarehe ya mita ya maji. Kwenye jalada la nyuma, kwa ndani, kwa penseli, mwandiko wa baba: "Na. 3, mpaka binti amalize." Basi. Hakuna tarehe, hakuna saini, hakuna jina. Nilikaa kitandani na lile daftari muda mrefu. Kesho yake nilikwenda kugonga mlango wa chumba cha tatu nikiwa na ziada yote niliyompokea, na nikaomba radhi. Akaniuliza, "Umejuaje?" Nikamwonyesha.

Penseli. Mistari miwili zaidi, na mahali pa kueleweka, na yule mama asingelipa mwaka mzima kodi isiyo yake.

Hali ni hiyo hiyo mkiuza. Nchi nyingi, nyumba ikiuzwa mpangaji anabaki, na mnunuzi anarithi mkataba. Anayerithi anarithi karatasi. Yale uliyomwambia mpangaji chini ya mti hayamo kwenye hati ya mauzo, na mpangaji wako uliyempenda atayapigania peke yake mbele ya mtu asiyemjua.

Sasa nifanyeje, mtaniuliza. Mkataba mkubwa mnao, au mtauandaa, sitauzungumzia sana. Nitasema tu kwamba mkataba wa kunakili kwa jirani ni hatari. Nilishauona mkataba wa chumba kimoja unaokataza kuegesha matrekta. Ukiuliza aliyeutumia, hajui. Soma kila mstari mbele ya mpangaji, kwa sauti, na usiouelewa ufute. Weka majina, kodi na tarehe yake, dhamana na namna itakavyorudi, notisi ya pande zote mbili, nani analipa maji na umeme, nani anatengeneza nini. Siku ya kuingia mzunguke nyumba pamoja, muandike hali ya kila chumba, mpige picha, msome mita pamoja. Ufaransa huko kuandika hali ya nyumba kumo ndani ya sheria, na isipoandikwa mpangaji huhesabiwa kuwa aliipokea nyumba ikiwa nzuri. Wapangaji, mmesikia? Ule ufa mliukuta, lakini nani atasema mliukuta?

Mimi nimeongeza kitu kimoja tu, na ndicho kilichonipa amani. Nina daftari dogo, linaingia mfukoni. Nikienda kwa mpangaji nalo, nikiahidi naandika hapo hapo, tukiwa bado tumesimama. Niwasomee moja, nimeondoa majina:

"Kioo cha dirisha la chumba cha kulala, kona ya chini kushoto, kimepasuka. Mwenye nyumba atakibadilisha kabla ya tarehe 15 mwezi wa 3. Asipobadilisha, mpangaji atabadilisha mwenyewe, ataleta risiti, na kiasi cha risiti kitakatwa kwenye kodi ya mwezi wa 4."

Nasoma kwa sauti, anasaini, nasaini, napiga picha ya ukurasa, namtumia kwa WhatsApp papo hapo. Dakika tatu. Neno la thamani hapo ni "asipobadilisha". Ahadi nyingi tunaziandika kana kwamba hatutashindwa. Mimi nimejijua, hushindwa. Basi nikishindwa iwepo njia, mtu asinigongee usiku.

Msioweza kubeba daftari, tumeni ujumbe. "Kama tulivyozungumza leo, tangi utaweka wewe, nitakata kodi ya miezi miwili na si zaidi, na tangi litabaki kuwa la nyumba. Kama ndivyo, nijibu ndiyo." Mwaka 1996 tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ilitoa sheria ya mfano inayosema habari isikataliwe nguvu za kisheria kwa sababu tu imo katika umbo la kielektroniki, na nchi nyingi zimejenga sheria zao juu ya msingi huo. Ila msinitumie ujumbe wa sauti wa dakika saba wenye salamu za nyumba nzima na ahadi imejificha katikati. Nani ataitafuta?

Siyo kila kitu kiandikwe, msije mkanielewa vibaya. Mpangaji akiazima ngazi, mpe ngazi. Kinachogusa fedha, muda, au kuhama, hicho ndicho cha daftari.

Namalizia na lile tangi, maana mtaniuliza. Liko juu ya paa mpaka leo, yule bwana alishindwa kulishusha bila kuvunja kenchi. Mpangaji wa sasa alipokuja kuona nyumba alinyanyua macho, akaniuliza, "Na tangi ni la nani?" Mdomo wangu ulishafunguka kusema usijali. Nikaufunga. Nikatoa daftari, nikaandika kwamba tangi, pampu na mabomba yake ni mali ya nyumba, kuosha ni juu yake, kutengeneza ni juu yangu. Akasoma, akanitazama, akauliza kama pampu inafanya kazi. Nikamwambia sijui, twende tukaiwashe.

Haikuwaka. Tukaongeza mstari.